Nimemkana mwanangu kwa sababu ya jina la binamu

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Tanga, nina mume na mtoto mmoja wa kiume. Nakuandikia saa saba usiku, nyumba yote imelala, maana mchana siwezi kuandika haya mume wangu asiyaone.

Nafanya kazi ya mtandaoni. Natumiwa rekodi za mahojiano ya Kiswahili, za wakulima, wavuvi, kina mama wa vikoba, nazisikiliza na kuziandika neno kwa neno, kisha nazitafsiri kwa Kiingereza. Kampuni iko Denmark, ni ndogo tu, na bosi wangu ni mwanamke wa makamo. Kazi naipenda, Somo. Kuna mzee mmoja mvuvi alieleza jinsi kaskazi siku hizi inavyowachanganya, nikairudia sehemu ile mara tatu. Kusikia nilimsikia vizuri tangu mara ya kwanza, nilirudia kwa raha tu.

Tatizo ni kwamba kampuni hainijui mimi. Inamjua binamu yangu.

Mwaka 2022 nilipoanza kutafuta kazi hizi, tovuti ya kuombea ilikuwa na orodha ya nchi za kuchagua, na Tanzania haikuwemo. Hata ningepata kazi, hela isingenifikia. Binamu yangu, binti wa mjomba, anaishi Coventry, Uingereza, akaniambia, "Tumia jina langu, kwani si damu moja?" Akafungua akaunti kwa pasipoti yake, akanipa nywila. Malipo yanaingia benki kwake, anachukua fungu lake, moja kati ya matano, zilizobaki ananitumia kwenye simu. Mwezi mzuri kazi inaingiza pauni 400 hivi. Hajawahi kunipunja hata senti.

Basi kwa miaka mitatu nimekuwa yeye. Kwenye simu nimeweka hali ya hewa ya Coventry, bosi akiuliza habari za huko naangalia kwanza kama kuna mvua. Tukiongea kwa sauti, bila kamera, nachagua saa ambayo adhana haitaingia. Siku moja adhuhuri ilinikuta, nikazima maikrofoni, nikarudi nikasema mtandao ulikatika.

Mwaka 2023 nilijifungua. Sikumwambia, maana binamu yangu hakuwa na mimba. Siku ya nne nimerudi kwenye kompyuta, nimekaa upande upande kwa ajili ya mshono. Miezi michache baadaye tukiwa kwenye simu mtoto akalia, yule mama akauliza kwa sauti ya furaha, "Ni wako huyo?" Nikamjibu, "Hapana, ni wa jirani." Somo, mwanangu alikuwa begani kwangu.

Sasa wiki mbili zilizopita ujumbe umekuja kwamba kila mfanyakazi athibitishwe upya kabla ya mwisho wa mwezi. Unaonyesha pasipoti, unakaa mbele ya kamera, unageuza kichwa kushoto, kulia, unafumba macho na kufumbua, na mashine inalinganisha uso na picha. Siku mbili baada ya hapo bosi akaniandikia mwenyewe. Anataka kunitoa kwenye ile tovuti anipe mkataba wa moja kwa moja, kazi ya uhakika kila mwezi, na anaomba tupigiane kwa video "ili hatimaye tuonane".

Binamu anasema atasimama yeye mbele ya kamera, dakika tatu tu, kisha niendelee, na kuhusu video niseme kamera imeharibika. Mdogo wake amejitolea kuniwekea programu ya kubadilisha sura, hiyo niliikataa palepale. Mume wangu anasema ninyamaze, msingi wa nyumba umefika kwenye linta na hela ndiyo hiyo. Mama yangu anasema mtoto wa kaka yake alinishika mkono nilipokuwa sina kitu, nisije nikamvua nguo mbele ya Wazungu.

Na yule bosi simwelewi. Barua zake ni kavu, hana salamu: "Faili la tatu lina makosa kwenye dakika ya 12. Rekebisha." Mara ya kwanza nililia. Halafu mtu huyohuyo ndiye anayetaka kunipa mkataba.

Je, mimi ni mwizi? Kila neno nimeliandika kwa mkono wangu. Na yule mama nimwambie, au nisimwambie?

Mwenye jina la kuazima, Tanga

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwari wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama jikoni, chai ikachemka mpaka ikamwagikia jiko. Pole kwanza kwa ule mshono. Miaka imepita, lakini naona hakuna aliyekupa pole wakati ule.

Nikikuelewa, jina ulilolivaa ili upate kazi sasa limekubana. Mashine inataka uso, bosi anataka kukuona, na ndugu zako kila mmoja anakuvuta kwa sababu yake, na kila sababu ina uzito. Umeniuliza maswali mawili. Mimi naliona la tatu ambalo hukuuliza, la mtoto, nitalifikia.

Nianze na la wizi. Kwetu mtu hujulikana kwa watu. Ukitaka kufungua akaunti benki au kudhaminiwa, unakwenda serikali ya mtaa, mwenyekiti anakutazama, anauliza, "Wewe si mjukuu wa fulani?", kisha anaandika barua ya utambulisho na kupiga muhuri. Hapo hakuna aliyelinganisha uso wako na picha, umelinganishwa na kumbukumbu ya mzee. Kwa desturi hiyo, binamu kukupa jina lake ni kama kukupa kanga yake uendee shughuli. Unakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole uliofanyika 2019, na Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa? Ni wangapi waliweka kidole kwa ajili ya bibi asiye na namba ya kitambulisho? Sheria ilikataza, na watu hawakujiona wahalifu hata kidogo. Laini yangu mimi ya pili ilikaa kwa kidole cha mpwa wangu, mpaka siku tulipokosana kwa ajili ya kiwanja, akaenda akaifunga, na pesa zangu zimo humo humo. Tangu hapo kila baada ya miezi napiga *106# kuona ni laini gani zimesajiliwa kwa jina langu.

Denmark mambo yamejengwa kwa namna nyingine. Tangu 1968 kila mkazi ana namba yake moja ya utambulisho, na siku hizi wanaingia benki, hospitali na serikalini kwa kitambulisho cha kidijitali ambacho hata mke hatakiwi kumpa mumewe. Ukisikia hivyo utadhani ni watu wasioaminiana. Kumbe mkulima anaweka viazi kando ya barabara pamoja na kisanduku cha hela, anaondoka, unachukua na kulipa mwenyewe. Mama anaacha kigari cha mtoto aliyelala nje ya mgahawa, anaingia kunywa kahawa. Mwaka 1997 mama mmoja wa Denmark alifanya hivyo New York akakamatwa na polisi, mtoto akachukuliwa kwa siku kadhaa, na mashtaka yakaja kufutwa baadaye. Kitendo ni kilekile, Copenhagen ni malezi, New York ni pingu.

Kwa hiyo mtu wa Denmark anakuamini bila kukuuliza kwa sababu anadhani suala la wewe ni nani lilishamalizika mlangoni. Bosi wako hakukuchunguza miaka mitatu. Wewe umelichukulia hilo kama mwanya uliokusitiri, na sikulaumu, lakini kwa upande wake huenda ndiyo heshima kubwa aliyokuwa nayo kukupa. Ukiniuliza kama wewe ni mwizi, nakuuliza baraza limekaa wapi. Barazani kwa mama yako, hapana. Barazani kwa bosi wako, neno watakalolitumia litakuuma, na kazi uliyofanya mwenyewe watakuja kuihesabu baadaye.

Sasa nikuguse sehemu mbili ambazo barua yako imezipita haraka.

Umesema kila neno umeliandika kwa mkono wako. Naamini. Lakini yale maneno ni ya nani? Ni ya yule mzee wa kaskazi na wale kina mama wa vikoba, walioahidiwa kwamba sauti zao zitasikilizwa na watu wanaojulikana. Ulipoanza kazi, nina hakika kulikuwa na karatasi ya kutunza siri, na iliyosainiwa ni kwa jina la binamu. Kisha Ulaya wana sheria ya taarifa binafsi, iliyoanza kutumika 2018, inayoangalia hata taarifa zinapelekwa nchi gani. Tangu 2021 Uingereza imetambuliwa na Umoja wa Ulaya kuwa ina ulinzi wa kutosha. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, ingawa tuna sheria yetu ya 2022, na kampuni inayotuma taarifa huku hutakiwa kuweka masharti ya ziada kwenye mikataba. Bosi wako anaamini rekodi zake zimekwenda Coventry. Zimekwenda Tanga. Sikuambii haya kukutisha, nataka ujue kwamba siku ukizungumza naye atakuwa anakuwaza wewe na anawaza pia atawaambia nini wateja wake.

Sehemu ya pili ni binamu yako. Nyote mnalitazama suala hili kama yeye ndiye anayekusaidia na wewe ndiye uliye hatarini. Hebu ligeuze. Kwenye karatasi, mwenye biashara ni yeye. Uingereza kipato cha pembeni kikizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kinatakiwa kuripotiwa, nanyi kwa pauni 400 za mwezi mzuri mnazipita kabla mwaka haujafika nusu. Tangu 2024 tovuti za kazi za aina hii hukusanya taarifa za wanaolipwa kupitia kwao na kuzipeleka kwa watu wa kodi wa huko. Amewahi kuziripoti? Anapokea msaada wowote wa serikali unaopimwa kwa kipato? Na kama yupo kwa viza ya masomo, kujiajiri hakuruhusiwi kabisa. Maswali haya muulize kwa upole, kwa simu, usimwandikie. Pengine hajui. Pengine anajua na ndiyo maana anataka dakika tatu zipite upesi.

Na kwa nini uthibitisho umekuja sasa? Sidhani ni kwa ajili yako. Mwaka 2025 mwanamke mmoja wa Arizona alihukumiwa zaidi ya miaka 8 jela kwa kuwasaidia watu wa Korea Kaskazini kufanya kazi za kompyuta kwa majina ya Wamarekani. Kompyuta za kampuni zilikuwa zimepangwa nyumbani kwake, na kampuni zilizodanganywa zilizidi 300. Baada ya kesi za namna hiyo kila mwajiri wa mbali amekuwa na wasiwasi. Wewe na yule hamfanani kwa lolote, ila mashine haijui tofauti ya binti wa mjomba na jasusi.

Tuzitazame njia ulizo nazo, maana ni zaidi ya mbili.

Ya binamu kusimama mbele ya kamera. Huenda ikapita, sitakudanganya. Uso ni wake, pasipoti ni yake. Lakini angalia inakokupeleka: mpaka leo unaweza kusema ulianza kwa kukosa njia, na baada ya siku hiyo utakuwa umeidanganya mashine makusudi, wawili, kwa kupanga. Kisha video inakuja. Kamera iliyoharibika inaharibika mara ngapi? Na uthibitisho ukishakuwa desturi unarudi, kwa hiyo kila unapoitishwa utakuwa unamsubiri binamu atoke kazini.

Ya kuondoka kimya. Unaaga kwa jina lake, unamaliza mafaili, unaanza upya kwa jina lako kwingine. Hakuna anayefedheheka, mama yako atalala. Hasara yake ni kwamba miaka mitatu ya sifa inabaki Coventry, na pale linta ilipofika patangoja. Wapo walioichagua njia hii wakapumua. Wapo waliokaa miaka wakiogopa kukutana na jina la bosi wa zamani mtandaoni.

Ya kumwambia. Anaweza kukatisha kazi siku hiyohiyo, na hata malipo ya mwezi yakagombewa. Anaweza kulazimika kukukatisha hata kama moyoni hataki, kwa ajili ya zile rekodi. Usiingie ukitegemea kwamba anakupenda, hujui. Lakini kuna kitu naona hukukitazama. Ulichokosa 2022 ni tovuti kukukubali na hela kukufikia. Mkataba wa moja kwa moja hauhitaji ile tovuti. Benki ya Denmark inatuma hela benki ya Tanzania, kwa jina lako, wewe unachukua namba yako ya mlipakodi na kumwandikia ankara kila mwezi. Huo mkataba unaouogopa ndio mlango pekee katika barua yako yote ambao jina lako linaweza kuupita. Sisemi utafunguliwa.

Njia yoyote utakayoshika, zikague karatasi zako leo. Pasipoti unayo? Zinazotolewa tangu 2018 zina chipu, na programu nyingi za uthibitisho zinaisoma kwa simu tu. Majina yanafanana? Sisi tuna jina letu, la baba na la babu, Wazungu wanataka jina na ukoo, na mara nyingi cheti cha shule kina mawili, kitambulisho kina matatu, pasipoti imeyapanga kivyake. Kiapo cha majina kwa wakili hakichukui siku nyingi. Ukifika mbele ya kamera, kaa uelekee dirishani, mtandio uache uso wazi toka kidevuni hadi kwenye paji. Watu weusi mashine hizi zimewakataa mara nyingi kuliko weupe, kwa hiyo ukikataliwa mara ya kwanza usidhani umegundulika.

Kama utaamua kumwambia, basi zungumza na binamu kwanza, kabla ya bosi, na mume wako asikie kwako. Mama yako ana haki: jina ni la mtoto wa kaka yake, naye apewe nafasi ya kujua litatajwa lini na vipi. Akikataa katakata, utakuwa na uzito mwingine wa kupima, na huo siwezi kukupimia.

Halafu andika kwa desturi yao. Sisi habari nzito tunaizungusha: salamu, afya, mvua, ndipo msiba. Kwao kuzungusha huonekana kama kuficha. Zile barua kavu zilizokuliza hazikuwa na hasira, "dakika ya 12 rekebisha" ni namna yao ya kusema wewe ni mtu mzima na muda wako nauheshimu. Angekuwa amekuchoka asingejisumbua kuitafuta hiyo dakika. Kwa hiyo jambo lenyewe liwe sentensi ya kwanza. "Mimi siye mtu ambaye jina lake liko kwenye akaunti. Naishi Tanzania. Kazi zote nilizifanya mimi." Kisha kwa nini, kwa mistari miwili. Kisha rekodi zake ziko wapi, nani mwingine amezigusa, na kwamba uko tayari kuzifuta akikuagiza. Kuomba radhi, mara moja, kwa maneno mepesi. Ukiomba mara saba atadhani kuna jingine hujalisema.

Sasa mtoto.

Umeandika kurasa kuhusu kazi na mistari mitano kuhusu siku ile, na mistari hiyo ndiyo niliyoisoma nimesimama. Hukumkana mwanao, mwari wangu, mtoto wa miezi michache hajui Kiingereza wala hajui Coventry. Lakini ulijisikia ukilitamka, na nadhani hapo ndipo kanga ya kuazima ilipoanza kukuwasha, kabla hata ya habari za pasipoti na mashine. Mume wako anaijua siku hiyo? Barua yako inanionyesha kwamba haijui. Anaposema unyamaze anahesabu mifuko ya saruji, maana ndicho alichoonyeshwa. Pengine umsimulie hilo moja, jioni ambayo hamjagombana, bila kumwomba uamuzi wowote, uone atasema nini.

Mwisho wa mwezi bado una siku kadhaa. Ukiniandikia tena, kwa jina lolote utakalopenda, niambie kijana anaitwa nani. Umetaja upepo, umetaja linta, umetaja mpaka mvua ya Coventry, yeye jina lake hukuliandika.